Teraflopi 12 dhidi ya 10: namba za mashine za gemu zinahesabu nini hasa

Dogo wangu anataka kufungua banda la gemu. Chumba ameshapata, TV nne za inchi 32 anazo, mabenchi yako kwa fundi, kilichobaki ni mashine zenyewe. Juzi usiku akanitumia skrinishoti mbili za jedwali, moja ya PS5 moja ya Xbox Series X, na chini yake swali moja: "Kaka, hii wameandika teraflopi 12 na hii 10, si tuchukue ya 12 tu yaishe?"

Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza ikawa ndefu, ya pili ikazidi, nikaona bora niandike kabisa maana hili swali naulizwa na watu wengi, na inaniuma kuona mtu anatoa hela ya miezi kadhaa kwa sababu ya namba moja ambayo hakuna aliyemwambia inahesabu nini.

Tuanze na hiyo hiyo teraflopi. Ni hesabu trilioni moja kwa sekunde, sawa, lakini usidhani kuna mtu aliwasha gemu akakaa akazihesabu. Ni kuzidisha tu, hata wewe unaweza kwa kikokotoo cha simu. Ndani ya chipu ya grafiksi kuna vikundi vya kupiga hesabu, PS5 ina vikundi 36. Kila kikundi kina vijichipu 64, kila kijichipu kinapiga hesabu 2 kwa kila mdundo, na midundo ni bilioni 2.23 kwa sekunde. Sasa piga 36 mara 64 mara 2 mara 2.23, inakuja kama 10,276, igawe kwa elfu moja unapata teraflopi 10.28. Basi, ndo hiyo. Series X ina vikundi 52 vinavyodunda bilioni 1.825, rudia hesabu ile ile utapata 12.15. Chukua PS4 ya mwaka 2013, vikundi 18 kwa milioni 800, inakuja 1.84.

Umeona shida iko wapi? Hakuna gemu popote kwenye hiyo hesabu. Hakuna RAM (kumbukumbu ya muda ambako gemu inakaa ikichezwa), hakuna diski, hakuna prosesa kuu. Hiyo namba inasema mashine ingefanya kazi kiasi gani endapo kila kijichipu kingekuwa na kazi mkononi kila mdundo, bila kusubiri chochote hata mara moja, na kwenye gemu ya kweli kusubiri ndo maisha yenyewe.

Njoo saiti ya ujenzi utaelewa haraka. Una mafundi wanaopanga tofali, una saidia fundi wanaowaletea tofali na mchanganyiko, una lori linaloleta mzigo toka nje, na una msimamizi anayesema ukuta gani unaanza na dirisha linakaa wapi. Mafundi ni hivyo vikundi vya grafiksi. Saidia fundi ni mwendo wa RAM, yaani GB ngapi zinapita kwa sekunde. Lori ni SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Msimamizi ni prosesa kuu. Teraflopi imehesabu mafundi na wepesi wa mikono yao, basi, haijagusa mwingine yeyote. Sasa ajiri mafundi 52 halafu saidia fundi wawili uone, nusu ya siku mafundi wamekaa kivulini wanasubiri tofali, na wewe posho unawalipa wote.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa hili jambo umetoka kwa Sony wenyewe, watengenezaji wa PS5. Novemba 2024 walitoa PS5 Pro, vikundi vya grafiksi vikapanda toka 36 hadi 60, hiyo ni ongezeko la asilimia 67. Teraflopi zikawa 16.7. Mwendo wa RAM ukapanda toka GB 448 kwa sekunde hadi 576, ongezeko la asilimia 28 hivi. Prosesa kuu ikabaki ya familia ile ile ya Zen 2 ya kampuni ya AMD, yenye viini 8, yaani sehemu nane za kupiga hesabu. Halafu wao wenyewe wakatangaza kwamba kuchora picha kumekuwa na kasi zaidi kwa asilimia 45. Soma hizo namba tena taratibu: mafundi asilimia 67, saidia fundi 28, ukuta 45. Ukuta umeangukia katikati, kazi haikwenda kwa idadi ya mafundi peke yao. Mimi nikimwelewesha mtu siku hizi naanza na hii PS5 Pro kabla ya kitu kingine chochote.

Turudi kwa hizo mbili za dogo. Series X ina mafundi wengi wanaokwenda taratibu kidogo, PS5 ina wachache wenye mikono myepesi. Kwenye kazi za kugawanyika kirahisi, wengi wanashinda. Kwenye kazi ambazo hazigawanyiki vizuri, mkono mwepesi unasaidia, kwa sababu kwenye chipu kuna sehemu nyingine nje ya vile vikundi ambazo nazo zinakwenda kwa mdundo ule ule, mdundo ukiwa juu na zenyewe zinakimbia. Ndo maana tangu zimetoka Novemba 2020 gemu nyingi ukiziweka TV mbili pembeni pembeni unahangaika kutafuta tofauti, mara nyingine Series X inatangulia kidogo, mara nyingine PS5, ile asilimia 18 ya kwenye karatasi huioni ikitembea.

Na RAM nayo ina mtego wake. Zote mbili wameandika GB 16, mtu anaona sawasawa anapita. Lakini kwa PS5 zote 16 zinakwenda mwendo mmoja wa GB 448 kwa sekunde. Kwa Series X, GB 10 zinakwenda 560 na GB 6 zilizobaki zinakwenda 336, kwa hiyo mtengeneza gemu inabidi apange kipi kikae upande wa haraka na kipi upande wa polepole. Si kasoro, ni kazi ya ziada tu, na kazi ya ziada inafanywa na yule mwenye muda. Kingine angalia neno "hadi". PS5 wameandika hadi 2.23, hadi 3.5 kwa prosesa, maana yake mdundo unaweza kushuka kidogo mashine ikielemewa na umeme inaoutumia. Series X mdundo wake wameufunga haubadiliki. Ukilinganisha namba yenye "hadi" na isiyo na "hadi" unalinganisha vitu viwili tofauti, na mimi hilo neno natamani watu walisome kwa sauti kabla ya kutoa hela.

Hii tabia ya kuuza mashine kwa namba moja haijaanza leo. Enzi za nyuma ilikuwa biti, yaani upana wa data ambayo prosesa inashika kwa mpigo mmoja. Biti 8, biti 16, biti 32, kila mtu anaona namba imeongezeka mara mbili basi raha imeongezeka mara mbili. Mwaka 1993 Atari walitoa Jaguar wakaitangaza ni ya biti 64 wakati ndani prosesa zake kuu mbili zilikuwa za biti 32, hesabu ya 64 ilipatikana sehemu nyingine za mashine, na sokoni haikufika mbali. Halafu angalia PS2 ya mwaka 2000, RAM yake MB 32, prosesa kama megahezi 294, yaani midundo milioni 294 kwa sekunde. Xbox ya kwanza ikaja mwaka uliofuata na MB 64 na prosesa ya megahezi 733. Kwenye karatasi PS2 ilikuwa imeshapigwa. PS2 imeuzwa zaidi ya milioni 155, ile Xbox kama milioni 24, na sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tunajua ni ipi ilikuwa mezani kila ukiingia.

PS3 nayo nitaigusa kidogo tu kwa sababu inaonyesha kitu kingine. Ilikuwa na MB 512 sawa na Xbox 360, ila PS3 iligawanya vyumba viwili, MB 256 za kazi za kawaida na MB 256 za grafiksi, wakati 360 zote zilikuwa kapu moja unachota unavyotaka. Jumla ile ile, matumizi tofauti kabisa, na waliokuwa wanatengeneza gemu za mashine zote mbili waliteseka na hivyo vyumba miaka mingi.

Sasa lori, yaani SSD. Hapa nataka nikae kidogo maana kwa maoni yangu hiki ndo kitu kikubwa kilichobadilika toka PS4 kuja PS5, kuliko hata picha. PS4 ilikuwa na diski ya kuzunguka, ile yenye sahani na kijikono ndani, na kama ulishawahi kufungua moja umeiona, sahani inang'aa kama kioo na kijikono kinachezacheza juu yake kutafuta data. Kwa mwendo wake wa MB 50 hadi 100 kwa sekunde, kupakia GB 1 kulikuwa kunakula sekunde 10 hadi 20. Mark Cerny, aliyesimamia ubunifu wa PS4 na PS5, alieleza Machi 2020 kwamba ile gemu ya Spider-Man ya PS4 ilikuwa na vitu ambavyo vimenakiliwa mara 400 kwenye diski, yaani kisanduku kile kile cha barua cha mtaani kimeandikwa mara 400, sababu kijikono hakina muda wa kukimbia upande wa pili wa sahani kukichukua wakati wewe unaruka ghorofani kwa kasi. Kwa hiyo sehemu ya zile GB kwenye diski yako ilikuwa nakala za kitu kimoja. Na ule mwendo wa kuruka mjini nao ulikuwa umewekewa kikomo na diski, hata mafundi wangekuwa elfu.

PS5 SSD yake inasoma GB 5.5 kwa sekunde, na data ikiwa imebanwa inafika kama 8 hadi 9. Series X ni GB 2.4, ikibanwa 4.8. Hapa PS5 ndo iko mbele kwa zaidi ya mara mbili na cha ajabu hii namba watu hawaigombanii kama teraflopi. Kwa dogo hili lina maana ya hela kabisa, yeye anatoza kwa mechi. Tuseme kila mechi inaokoa sekunde 40 za kusubiri ipakie, na kwa siku TV moja inapiga mechi 30, hizo ni dakika 20 zimerudi mfukoni kwa TV moja, kila siku. Mteja naye haondoki akilalamika muda wake umeliwa na ile alama inayozunguka.

Ila ukubwa wa SSD usome kwa makini. PS5 ya kwanza imeandikwa GB 825, ukiiwasha unapewa 667 za kutumia. Series S, yule mdogo wake Series X, ya kwanza imeandikwa 512, unabaki na 364. Na gemu kubwa za sasa ni GB 100 na kuzidi. Kwa PS5 unaweza kuongeza SSD ya kawaida ya kompyuta, ile ya NVMe kizazi cha nne, ila iwe na kipozajoto chake na mwendo wa GB 5.5 kwenda juu kama wanavyopendekeza. Kwa Series X na S unanunua kadi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili yao tu, unachomeka nyuma, rahisi sana kufunga, bei ndo ya kuulizia kwanza.

Kuna kesi moja ambayo inawachanganya hata watu wanaojua. Xbox One X ya mwaka 2017 ina teraflopi 6 na RAM GB 12. Series S ya 2020 ina teraflopi 4 na RAM GB 10. Kwa namba, ya zamani imeishinda mpya. Mtu anauziwa One X iliyotumika anaambiwa hii ni kali kuliko Series S, na muuzaji hajadanganya namba hata moja. Lakini msimamizi wa One X ni prosesa ya ukoo wa Jaguar wa AMD (si ile mashine ya Atari) ya gigahezi 2.3, yaani midundo bilioni 2.3 kwa sekunde, familia dhaifu toka ilipozaliwa, wakati Series S ina Zen 2 ya gigahezi 3.6. Teraflopi zenyewe si za ukoo mmoja, chipu ya grafiksi ya kizazi kipya inafanya kazi nyingi zaidi kwa hesabu ile ile. Halafu moja ina diski ya kuzunguka, nyingine SSD. Na gemu mpya nyingi One X haizipati tena. One X inashinda kwenye gemu za zamani zilizotengenezewa picha yake ya 4K, hapo ni haki yake, basi.

Series S yenyewe nayo si malaika. RAM yake ni GB 8 za mwendo wa 224 na GB 2 za mwendo wa 56, na huo udogo umeshaleta shida ya wazi: gemu ya Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox mpaka Desemba 2023 kwa sababu kucheza wawili kwa kugawa skrini kuliishinda Series S, mwanzoni wakaitoa bila hiyo sehemu kwenye Series S. Kazi ya teraflopi inaweza kupunguzwa kwa kupunguza pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, ila RAM ikiisha kuipunguzia ni kazi ngumu zaidi.

Kuhusu msimamizi, kumbuka hesabu moja tu. Gemu ikienda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 kumalizika, ikiwa 30 inapata 33.3. Ndani ya muda huo prosesa lazima iwe imeshaamua kipa anaruka wapi na mpira unadundaje, ndipo grafiksi ichore. Prosesa ikichelewa hata upunguze picha iwe ya ukungu haisaidii, hujampunguzia yeye kazi. PS4 ilikuwa na viini 8 lakini vya gigahezi 1.6 na vya ukoo uleule wa Jaguar, ndo maana gemu nyingi zilikwama kwenye 30. "Viini 8" imeandikwa PS4, "viini 8" imeandikwa PS5, na wala havifanani.

Nintendo hawa wanacheza mchezo wao. Switch 2 ya Juni 2025 ina RAM GB 12 na vijichipu vya grafiksi 1,536, na ina miendo miwili, ukiiweka kwenye kituo chake cha TV inadunda megahezi 1,007, ukiishika mkononi inashuka 561 ili betri isiishe. Halafu inaweza kuchora picha ndogo na kuikuza kwa akili bandia. Kuilinganisha na PS5 kwa jedwali ni kulinganisha bodaboda na lori, swali la kwanza ni unaenda nayo wapi. Kwa banda la gemu siioni, kwa mtu wa safari naiona sana.

Sasa TV, maana hapa ndo hela nyingi zinapotea kimyakimya. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, ukizidisha ni karibu milioni 8.3. TV ya 1080p ina kama milioni 2.1. TV za inchi 32 nyingi huku kwetu hata hiyo 1080p hazifiki, ni 1,366 kwa 768, pikseli milioni moja na kidogo. Dogo anaziwazia PS5 Pro kwa TV hizo. Nikamwambia geuza TV moja, soma karatasi ya nyuma au andika modeli yake mtandaoni, angalia kioo ni pikseli ngapi, kwa sababu hata mashine ichore milioni 8, kioo kitaonyesha moja tu. Ile ya fremu 120 kwa 4K nayo inataka TV yenye HDMI 2.1, toleo jipya la tundu la kebo ya picha, zake hazina. PS5 ya kawaida kwenye TV ndogo bado utaifaidi, upakiaji wa haraka unabaki, fremu 60 zinabaki. Pro utakuwa umeilipia kazi ambayo kioo hakiwezi kuionyesha.

Umeme na bando ni vitu viwili ambavyo havipo kwenye lile jedwali na kila mwezi vinalipiwa. PS5 kwenye gemu nzito inakula kama wati 200, Series S kama 80. Kwa saa 12 hiyo ni uniti 2.4 dhidi ya uniti moja kasoro, zidisha kwa TV nne, zidisha kwa mwezi, uilinganishe na mapato. Bando sasa: Series S haina mlango wa diski, PS5 Pro nayo inakuja bila mlango, PS5 ziko za aina zote mbili. Bila diski kila gemu ni kushusha. GB 100 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda bila kuyumba hata dakika moja, ni saa 22. Mimi kwa banda nasema mlango wa diski ni lazima, diski unaazima, unauza, unabadilishana na jirani. PS5 za umbo jembamba za toka 2023 mlango unaweza kuununua baadaye ukaupachika, ila siku ya kuufunga mara ya kwanza inataka intaneti.

Na soma volti nyuma ya mashine kama imetoka nje. PS4 na PS5 kwa kawaida zinakubali 100 hadi 240 hazina tatizo, lakini zile PS2 nene za Marekani na Japan zilikuwa za volti 100 hadi 120, ya kwetu nyumbani tuliichomeka ukutani moja kwa moja, ikatoa harufu kabla hata ya taa ya kijani kuwaka.

Kwa hiyo dogo nimemshauri PS5 mbili za kawaida zenye mlango wa diski, na PS4 mbili zilizotumika kwa wateja wa bei ya chini, Pro aachane nayo. Amekubali. Ila asubuhi amerudi na swali ambalo nimelipenda kuliko lile la teraflopi: "Kaka, padi za PS4 si zinaingia PS5, ninunue hizo za bei rahisi?" Zinaingia, ila kwa gemu za PS4 tu ukizichezea humo. Ukiweka gemu ya PS5 yenyewe inakataa, inataka padi yake. Na padi ndo itakayokufa kwanza kwenye banda, kile kijiti cha kuelekezea ndani yake kuna kijisahani kinachosuguliwa kila ukisogeza, kikichakaa mchezaji anaanza kutembea mwenyewe kushoto hujamgusa. Fundi anabadilisha, na kuna vijiti vya sumaku ambavyo havisugui kitu, vinadumu zaidi. Nimemwambia anunue padi tatu kwa kila mashine, ya tatu ikae kabatini mpaka siku ya foleni.